UZI: Shindano la kujenga mandhari ya vita vya mezani, Mwanza na kando ya ziwa. Leteni mawe, mabati na magugu maji

#1 MaweMawili (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kama tulivyokubaliana, shindano limefunguliwa leo. Kwa wageni: hapa tunazungumzia michezo ya vita vya mezani, ile ya wanajeshi wadogo wa plastiki au karatasi, dadu na tepu ya kupimia. Safari hii wanajeshi tunawaacha kabatini. Tunajenga mahali wanapopigania: mawe, nyumba, miti, gati, barabara, kinamasi.

Kwa nini mandhari? Kwanza pesa. Wanajeshi wa kuagiza nje wanauma, na ukishalipia usafiri na ushuru ndiyo basi tena. Mandhari inatoka dukani kwa Mangi, kwa fundi seremala na jalalani. Pili, meza ikiwa na mandhari ya maana, hata wanajeshi wa kukata kwenye karatasi wanacheza vizuri. Meza tupu yenye jeshi la kifahari ni hasara: mwenye silaha za masafa marefu anafyeka kila kitu raundi ya pili, mnakunja meza mnakwenda kunywa chai.

Halafu mchezo wenyewe ulianzia kwenye mandhari. Von Reisswitz, mtu wa Prussia (ufalme wa zamani wa Kijerumani), alianza na meza ya mchanga mbichi. Alipotakiwa kwenda kumwonyesha mfalme Friedrich Wilhelm III akaona haya kuingiza mchanga ikulu, akatengeneza meza yenye vigae vya kaure vya kupanga na kupangua. Hiyo ni 1812. Mwanawe ndiye aliyekuja kuuhamishia mchezo kwenye ramani za 1:8000, mwaka 1824, na jeshi la Prussia likauchukua. H. G. Wells, yule mwandishi wa Kiingereza, alipochapisha kanuni zake 1913 alikuwa anapigana sakafuni, msitu wake ni vijiti. Kwa hiyo asikutishe mtu kwamba bila kuagiza vitu Ulaya huwezi.

Masharti ni haya. Kila mtu ajenge kigae kimoja cha sm 60 kwa 60. Vigae sita vikiungana tunapata meza ya sm 180 kwa 120. Skeli ni 28 mm (urefu wa askari) au 1/72 (kila kitu kimepunguzwa mara 72), chagua moja na uiseme. Wale wanajeshi wa kijani wa madukani ni wakubwa mno, kama mm 54, hao wabaki kwa watoto. Vifaa visizidi shilingi 20,000, bila kuhesabu zana ulizonazo nyumbani. Mahali pawe petu: popote kuanzia Kagera mpaka Mara, nchi kavu, kisiwani au ufukweni, mwaka wowote.

Na kubwa kuliko yote: kichezeke. Askari mwenye beizi (kitako cha kusimamia) ya mm 25 apate pa kusimama, mkono wa mtu mzima upite bila kuvunja mti, na meza ikigongwa kisidondoke kitu. Sitaki maonyesho ya kabatini. Hatupigi kura kwa picha. Tutakusanyika Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao pale kijiweni Nyakato, tunaunganisha vigae, tunacheza, na waliocheza ndio wanaochagua.

Naomba kuwasilisha.

#2 Katoni

Nimeweka kambi. Nina boksi la friji ndani mke wangu analitazama kwa jicho baya wiki nzima, sasa lina kazi.

#3 MpitaNjia

Watu wazima, mna familia, mnacheza wanasesere. Mjini kuna mambo.

#4 MaweMawili

Mkuu, jirani yako yuko kwenye mkeka wa kubeti tangu asubuhi, na wazee wa mtaani wanasukuma kete za bao mpaka magharibi. Sisi tunakata maboksi. Karibu, kiti kipo.

#5 BintiUkerewe

Habari zenu kaka zangu. Swali la mgeni. Nimepata yale maboksi meupe ya kusafirishia minofu ya sangara, yamevunjika pembeni, jamaa wa kiwandani alikuwa anayatupa. Yanafaa kwa mawe? Na nipulizie rangi ya kopo au nipake kwa brashi?

#6 HadiweaIgoma

Dada, kwenye rangi ya kopo simama hapohapo. Stailofomu na rangi ya kupuliza hawapatani. Vimiminika vilivyomo kwenye lile kopo vinayeyusha povu, unabaki na jiwe lenye matundu kama sega. Thina ndiyo usiseme, na petroli vilevile. Gundi ya kiatu ile ya manjano nayo inakula.

Nunua gundi nyeupe ya seremala, chukua rangi ya maji nyeusi, hiyohiyo ya kupakia ukuta, changanya sehemu moja ya gundi kwa mbili za rangi. Paka kote, chini na pembeni, hasa kwenye nyufa. Ikikauka paka tena. Hilo ganda likishashika ndiyo unaweza kufanya mengine, na hata hapo mimi ningebaki na rangi za maji mwanzo mwisho. Usinunue kopo la lita nne. Maduka mengi wana robo lita, na ukimwomba vizuri muuzaji anakupimia kwenye chupa ya maji. Rangi za kuongezea zile za vichupa vidogo, nyeusi, kahawia, manjano na nyekundu, zikichanganywa na nyeupe moja zinakupa kila rangi ya mkoa huu.

Hayo maboksi ya samaki yanafaa sana, punje zake zimeshikana kuliko ya kwenye TV. Yaoshe kwanza kwa sabuni na uyaanike juani, usipofanya hivyo paka wa mtaa watahudhuria shindano kabla yetu.

Ukikata kwa waya wa moto, kata nje. Moshi wake si wa kuvuta. Na zile punje nyeupe zikipeperuka zinaishia ziwani, kwa hiyo tandika shuka kuukuu, ukimaliza kunja uzimwage kwenye mfuko wa taka.

#7 BintiUkerewe

Asante sana kaka. Nilikuwa tayari nimeshika kopo mkononi.

#8 MwalimuJiografia

Vijana, nimesoma kimyakimya nikaona niingie kabla hamjaharibu mawe.

Nimeona picha za mwaka jana. Mawe ya wengi wenu yalikuwa ya Ulaya: makali, yenye ncha, yamechongoka kama meno. Nendeni Capri Point mkalitazame lile Jiwe la Bismarck, au simameni tu Mabatini mtazame juu mlimani. Mawe yetu ni mviringo, yamebebana, na mengine yamekalia sehemu ndogo mpaka unajiuliza yanashikwa na nini.

Hiyo ni matale (graniti), umri wake ni zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ilipoa chini sana ardhini ikiwa jiwe moja kubwa, ikapasuka nyufa zinazokatana, za kusimama na za kulala. Maji yakaingia kwenye nyufa. Pembe ya jiwe inashambuliwa kutoka pande tatu, ukingo kutoka pande mbili, uso kutoka upande mmoja tu. Kwa hiyo pembe ndizo zinazoisha kwanza, na kila pande linaelekea kuwa mviringo likiwa bado limezikwa. Udongo ulipokuja kuchukuliwa na mvua, mawe yakabaki yamesimama palepale yalipokuwa.

Sasa fundi wa mandhari anapata nini hapo? Hakuna aliyeyapanga. Yalikuwa jiwe moja. Ukichukua kokoto za ziwani ukazibandika moja juu ya nyingine, jicho linakataa, hata kama mtazamaji hajui sababu. Chukua pande moja la stailofomu, chora nyufa, kata kwa kufuata hizo nyufa, kisha vunja na usugue pembe za kila kipande kwa msasa. Rudisha vipande mahali pake, lakini vizungushe kidogo, kimoja kiinamie kushoto, kingine ukitoe kabisa ukiangushe chini mtelemkoni. Tumbo la jiwe la juu litaendana na mgongo wa la chini, na hapo ndipo Mwanza inapoonekana.

Rangi nayo si ya simenti. Tazameni asubuhi: kuna waridi na kahawia ndani ya kijivu. Mahali maji ya mvua yanapoteremka pana michirizi myeusi ya kusimama. Juu ya mawe ya majini pana weupe wa mavi ya ndege. Kwenye ufa mkubwa panaota mkuyu, mizizi yake inashuka juu ya jiwe kutafuta udongo.

Mwenye mkono mwepesi amwongeze yule mjusi wetu, dume, kichwa na mabega mekundu, mwili wa buluu iliyokolea. Kwa skeli ya 28 mm atakuwa na urefu wa mm 5 hivi, kipande cha waya na matone mawili ya rangi. Nitampa soda atakayemweka mahali anapokaa kweli, yaani juu ya jiwe lenye jua na si kwenye nyasi.

#9 Katoni

Shikamoo mwalimu. Darasa limeeleweka. Kwenye kupaka hayo mawe, unaanza na ipi?

#10 MwalimuJiografia

Marahaba. Ganda jeusi alilosema HadiweaIgoma ndilo la kwanza. Juu yake kijivu chenye kahawia, uache weusi ndani ya nyufa. Kisha brashi kavu: chovya brashi pana kwenye rangi nyepesi zaidi, ifute kwenye kitambaa mpaka uone kama haina kitu, halafu pitisha haraka juu ya jiwe. Rangi inashika kwenye vinundu tu. Rudia kwa rangi nyepesi zaidi na mkono mwepesi zaidi. Mwisho michirizi: maji mengi, rangi nyeusi kidogo na tone la sabuni ya kuoshea vyombo. Bila sabuni maji yatajikunyata yawe matone, hayatateremka.

#11 DaduSita

Kwenye mabati mnafanyaje? Nataka kujenga mtaa wa mlimani, nyumba za mabati zilizobanana kati ya mawe. Nimeambiwa nibandue katoni, yale mawimbi ya ndani nipake rangi ya kutu.

#12 Kitana

Mkuu, piga hesabu kwanza. Bati la kawaida la migongo, kutoka mgongo mmoja hadi mwingine ni mm 76. Kwa skeli ya 1/56, ambayo wengi tunaitumia na wanajeshi wa 28 mm, hiyo ni mm 1.4. Mawimbi ya katoni ya kawaida yana mm 6 na zaidi. Ukiyapandisha skeli unapata bati lenye mgongo kila sm 34. Nyumba yako itaonekana imeezekwa kwa mabomba.

Fanya hivi. Tafuta vile vyombo vya foili vya kubebea chipsi, osha mafuta, kata sehemu ya chini iliyo bapa. Tafuta bolti ya M10, ile ya kawaida, uzi wake una mm 1.5 kutoka jino hadi jino. Tandaza foili juu ya daftari, bingirisha bolti kwa kukandamiza. Mistari inatokea yenyewe. Itakuwa imeegemea upande kidogo kwa sababu uzi wa bolti unapanda ukizunguka, kwa hiyo usikate kwanza. Bingirisha, halafu ukate shiti zako kwa kufuata mistari, si kwa kufuata ukingo wa foili. Huna bolti, tumia kitana cha meno membamba na kijiti cha mshikaki kisicho na ncha, ila ni kazi ya kuchosha.

Kata shiti za mm 15 kwa 40 hivi. Zibandike moja ikilalia nyingine, kuanzia chini kwenda juu, kama fundi anavyoezeka, maana ukianzia juu mvua ingeingia ndani na kila mwenye nyumba atakuona. Shiti moja iwe mpya inang'aa, nyingine kuukuu. Hakuna paa la Mabatini lenye rangi moja. Juu weka mawe mawili matatu ya kuzuia upepo.

Kutu: kipande cha sponji la godoro, chovya kahawia iliyokolea, gusagusa. Kisha rangi ya chungwa kidogo sana, kwenye misumari na kwenye ncha za chini tu, mahali maji yanapokaa.

#13 DaduSita

Bolti! Nilikuwa sijawahi kuiona bolti kwa jicho hilo. Nashuka Makoroboi kesho, wale jamaa wa vyuma hawakosi.

#14 Katoni

Ukifika Makoroboi angalia na vipande vya makopo, wana mikasi ya bati inayokata vizuri kuliko ya kwetu. Mimi huwa naomba mabaki, sinunui.

Swali kwa mleta uzi: kama kila mtu anajenga anachotaka, tutapigana vita gani hapo Nyakato? Huyu analeta mtaa wa mabati, huyu kisiwa, huyu shamba la pamba.

#15 Kyaka

Mimi napendekeza Kagera, 1978 na 1979. Ni vita yetu na ipo kanda yetu.

#16 PasiansiUsiku

Kagera bado ni ya moto, mkuu. Kuna watu humu wamezika ndugu. Tuchukue vita ya kwanza ya dunia hapa ziwani, ina kila kitu cha mezani: meli, kutua ufukweni, mawe. Juni 1915 Waingereza walitoka Kisumu kwa meli za ziwani wakatua Bukoba, wakavunja kituo cha redio cha Wajerumani, wakaondoka. Mwaka uliofuata, Juni, wakachukua Ukerewe, na tarehe 14 Julai 1916 wakaingia Mwanza. Wajerumani walikuwa na kiboti chao kikiitwa Muansa, Waingereza wana Winifred na Kavirondo zimefungwa mizinga. Kiboti kimoja dhidi ya kundi la meli, hiyo ni mechi nzuri ukimpa mwenye kiboti mawe ya kujifichia.

#17 Kyaka

Sijakataa 1916. Ila hilo la moto niliseme kidogo. Baba yangu alikuwa kwenye kikosi kilichovuka Mutukula Januari 1979. Nimemwonyesha uzi huu. Hakukasirika, alichocheka ni picha za mtandaoni za watu wanaocheza vita hiyo: "Hao wamejaza mawe. Mawe yako Mwanza. Kule ilikuwa migomba, nyasi na matope." Akanieleza habari za Lukaya, Machi 1979: barabara iliyoinuliwa, kinamasi cha mafunjo kulia na kushoto, huna pa kutawanyikia. Kwa mchezaji hiyo ni meza ngumu sana, njia moja tu na kila mtu anaijua.

Ombi lake lilikuwa moja. Wale wananchi wa Kagera walioikimbia ardhi yao mwishoni mwa 1978 wasigeuzwe vipande vya kuhesabia pointi. Nyumba zijengwe, watu wa kawaida wasiwekwe mezani. Mimi naona ni haki.

#18 MaweMawili

Na iwe sharti, kwa vita vyote na si Kagera peke yake. Mwambie mzee shikamoo yetu imfikie, na akiweza kuja Jumamosi hiyo kiti chake kipo mbele.

Kuhusu vita ipi: mandhari ndiyo itaamua. Mawe hayana mwaka. Ufukwe wa mafunjo hauna mwaka. Kinachofunga kigae kwenye mwaka ni bati, nguzo za umeme na aina ya boti. Anayetaka kigae chake kitumike kwenye kila mchezo aweke nyumba kwenye beizi yake, iondoke. Leo ni msonge wa nyasi, kesho bati, jiwe palepale.

#19 BintiUkerewe

Mbona kila anayetaja historia anaanza na meli za wazungu? Mimi naenda kwenye boma la Kinyamwezi, wakati wa Mirambo, kabla hajafa 1884. Uzio wa magogo, na nje yake ua wa minyaa mikubwa iliyobanana. Unyamwezi si kando ya ziwa najua, ila maboma yenye ua wa minyaa yalikuwapo mpaka Usukumani, kwa hiyo nimo ndani ya masharti.

Msonge nautengeneza hivi: kikombe cha karatasi, koni ya katoni juu, halafu kamba ya katani. Naikata vipande vya sm 3, naifumua nyuzinyuzi, nabandika safu kwa safu kutoka chini. Zikikauka nachana kwa mswaki wa zamani zilale. Katani mbichi inang'aa njano kupita kiasi, naiosha kwa maji yenye kahawia na nyeusi kidogo. Nyasi za paa huwa zina kijivu baada ya masika moja.

#20 MwalimuJiografia

Safi sana binti. Na wewe wa 1916, usisahau kwamba nyuma ya kila kikosi palikuwa na mstari mrefu wa wapagazi. Weka njia yao, weka marundo ya mizigo, weka mahali pa kupikia. Mezani hayo ni kinga nzuri kuliko ua, na ndivyo vita ile ilivyokuwa.

#21 PasiansiUsiku

Nimekusikia mwalimu. Marundo ya mizigo yanaingia kando ya gati.

Sasa maji. Nina ufukwe theluthi moja ya kigae. Rezini (ile ya kumimina, ikiganda inakuwa kama kioo) imenishinda bei, na kwa shilingi 20,000 hairuhusiwi hata ningetaka. Kuna njia?

#22 HadiweaIgoma

Hata ungeipata hiyo rezini, ningekuonya. Ukiimwaga nene kwa mkupuo inajipasha moto yenyewe, na chini yako kuna stailofomu.

Njia ya maskini ni nzuri kuliko hiyo. Chini pawe bapa kabisa, plaiwudi. Paka rangi ya kina kwanza. Na hapa naomba msinipakie buluu. Simama Kamanga ukisubiri kivuko utazame chini: ni kijani chenye kahawia, karibu na ufukwe kama chai ya rangi, mbali panakolea. Buluu ni ya kalenda. Changanya rangi zikiwa mbichi ili kusiwe na mstari kati ya kina kimoja na kingine.

Ikikauka, tandaza karatasi ya chooni ya safu moja, ilowanishe kwa gundi nyeupe iliyozimuliwa, usukume kwa brashi mpaka ifanye vimikunjo vidogo. Hayo ndiyo mawimbi. Yaelekeze upande mmoja, upepo haupigi pande nne. Ikikauka kabisa paka rangi zako tena nyepesinyepesi, kisha vanishi ya maji yenye kung'aa, mara tatu. Vanishi ya mafuta nayo inakubali juu ya ganda zima, lakini ukiacha tundu moja itapita ikale povu.

#23 Kitana

Na magugu maji ukitaka kuyaweka, msitoboe majani kwa panchi ya ofisini. Kitobo chake ni mm 6, kwa 1/56 ni jani la sm 34. Magugu ya kweli jani ni kama kiganja. Saga sponji la godoro liwe chembechembe, lipake kijani cha namna mbili, bandika kwa mabaka yaliyobanana, chembe chache za zambarau juu. Kanuni ya mchezo inajiandika yenyewe: boti ikiingia kwenye magugu inakwenda nusu mwendo. Anayeendesha boti ziwani anajua ni nusu kwa bahati.

#24 Katoni

Mimi nimeamua. Najenga daraja la Kigongo na Busisi.

#25 Kitana

Ni kilomita tatu, mkuu. Kwa 1/72 ni mita 41 na ushei. Utatokea Buzuruga.

#26 Katoni

Hata kwa skeli ndogo ya 1/300 ni mita 10, nimeshapiga. Basi nguzo mbili na kipande cha barabara, sm 60, mengine mtayawazia.

#27 MaweMawili

Kubaliwa, ila chini ya daraja boti ipite.

Wakuu, jambo la vigae kuungana, maana nimeulizwa mara nyingi pembeni. Kingo zote nne ziwe sawa na meza, mlima uishe sm 3 kabla ya ukingo. Barabara ikitoka kwenye kigae itokee katikati ya upande, sm 30 kutoka kona, upana sm 6. Maji yakifika ukingoni yaanzie kona mpaka sm 20, siyo popote. Mkifuata hayo, kigae chochote kinakaa na chochote.

Na chini msitumie hadibodi nyembamba. Ukiipaka gundi na rangi upande mmoja, upande huo unavuta, ubao unapinda kama ungo na askari wote wanateleza kwenda pembeni. Plaiwudi ya mm 6 inatosha. Kama hadibodi ndiyo uliyonayo, paka pande zote mbili kwa siku moja, chini hata rangi ya hovyo, kisha ilaze chini ya matofali usiku kucha.

Miti jaribuni bainding waya, ile ya kufungia nondo. Nyuzi kumi na mbili, sokota pamoja ziwe shina, zigawanye juu ziwe matawi, chini ziwe mizizi. Paka gundi yenye vumbi la mbao upate gome. Majani ya sponji yaliyosagwa. Mti wa hivyo ukikanyagwa na kiwiko unaunyoosha tu, mchezo unaendelea. Miti ya vijiti vya kweli ni mizuri kwa picha, lakini mpaka raundi ya tatu msitu wako ni kuni.

#28 DaduSita

Nimetoka Makoroboi. Bolti shilingi mia tano, ina kutu, mistari inatoka kama ya kiwandani. Nimeshafanya shiti arobaini. Picha nimetupia hapo chini, ile nyumba ya tatu inaegemea jiwe, na ndiyo kusudi: ukuta wa nyuma ni jiwe lenyewe, kama kule juu. Mlango nimeuweka mm 38, askari anaingia na kofia yake.

#29 MwalimuJiografia

Jiwe lako la kushoto limepandikizwa, DaduSita. Tazama tumbo lake na mgongo wa lile lililo chini, haviendani. Geuza robo. Nyumba nzuri sana.

#30 DaduSita

Nimegeuza mwalimu. Kweli limekaa.

#31 BintiUkerewe

Mimi natoka Nansio na kigae cha sm 60 mkononi. Kuna anayejua namna ya kukifungasha kisivunjike kwenye meli? Minyaa yangu ni ya vijiti vya meno, iko wima yote.

#32 HadiweaIgoma

Dada tafuta katoni ya TV kubwa, upana wake wa ndani uzidi sm 60, kigae kiingie kikiwa kimelala. Kifunge plaiwudi kwenye sakafu ya katoni kwa skrubu nne kupitia chini, kisiguse pembeni. Juu usijaze chochote, hewa peke yake ndiyo isiyovunja minyaa. Andika JUU kila upande. Kwenye meli usikikabidhi kwa wapakiaji, kaa nacho. Ukishuka Mwanza usipande boda nacho. Nipigie kwenye ujumbe wa ndani, nina kirikuu cha dukani, nakuja kukuchukua bandarini.

#33 BintiUkerewe

Asante kaka. Nafika Ijumaa jioni, na mjusi wa mwalimu ninaye, yuko juu ya jiwe.

#34 MwalimuJiografia

Jua linatokea upande gani hapo mezani?

#35 BintiUkerewe

Dirisha la Nyakato liko mashariki, shikamoo. Nimeshaulizia.

#36 MwalimuJiografia

Marahaba. Soda ya aina gani?